Mfereji Uliochorwa Bila Watu

Nimeacha kazi baada ya Ramadhani iliyopita, kwa sababu ya macho. Chokaa imeyala yote mawili, la kushoto zaidi, na fundi wa rangi asiyeona ukingo wa ukuta ni hasara kwa nyumba za watu. Sikusikitika sana. Kamba zangu, ndoo zangu na ngazi yangu nimewaachia ninyi mliobaki hapa Kabambare, na nia yangu ilikuwa kukaa barazani kimya nikiwaangalia wengine wakichubuka mikono. Lakini wiki iliyopita mmoja wenu, simtaji jina, alikuja kunisalimu, na katika mazungumzo akaniambia kwamba kule Kasongo kuna kijito kizuri ambacho Mzungu mmoja alikichora zamani, picha ikapelekwa Ulaya.

Kijito! Uji ulinipalia. Ule si kijito. Ule ni mfereji, umechimbwa kwa majembe, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliochimba. Basi naandika haya. Mkiona herufi zangu za Kiarabu zimekuwa kubwa kama za mtoto wa chuo cha Kurani, hayo ni macho. Mkiona kalamu imetoboa karatasi, hiyo ni hasira.

Mnaniita Fundi Mabruki. Jina hilo nilipewa. Langu la kwanza lilibaki katika nchi ya Wabangubangu siku watu wenye bunduki walipokizunguka kijiji chetu, nami siku ile sitaieleza. Nilifika Kasongo ndevu zikianza kuota, nikawekwa katika nyumba ya tajiri mmoja wa Kiarabu, na kwa kuwa nilikuwa na mikono mirefu nikapewa Fundi Shomari anifundishe kupaka kuta.

Fundi Shomari alikuwa mtu wa pwani, mfupi, mkali, mwenye tabia ya kunusa ukuta kabla ya kuugusa. Siku ya kwanza nilidhani atanipa brashi. Alinipa kapu. Nikashinda mtoni nikiokota makombe ya konokono, siku ya pili vilevile, na ya tatu. Tukayachoma kwa kuni kavu siku nzima, kisha tukayatia katika shimo la maji yawe chokaa, na maji yakachemka yenyewe pasipo moto. Niliruka nyuma. Yeye akacheka mara moja tu, kama mtu anayekohoa. "Usiinamie shimo," akasema. Niliinama. Nyinyi mnaojua macho yangu, mnajua kwamba niliinama maisha yangu yote.

Brashi niliishika baada ya miezi sita, nayo niliitengeneza mwenyewe kwa kuponda nyuzi za mchikichi. Fundi Shomari alinyoosha kamba iliyochovywa katika vumbi la makaa, akaivuta, akaiachia, mstari ukajipiga ukutani. "Mabruki, ukuta una ukingo. Ukipinda, mwenye nyumba atauona kila akiamka, atakutukana mpaka afe." Juu ya mstari nyeupe, chini ya mstari udongo mwekundu. Rangi moja isivuke kwa jirani yake. Niliyashika hayo kama nilivyoishika sala.

Mwaka wangu wa pili matajiri walikubaliana kuyaleta maji ya mto mpaka mabondeni, wapate mpunga mwingi kama wa pwani. Kila nyumba ikatoa watu. Kiangazi kile kazi ya kuta ilisimamishwa, kwa hiyo nami nikatolewa. Tulichimba miezi miwili. Wanaume walikuwa chini na majembe, wanawake walipandisha matope kwa makapu kichwani, na matope yalichuruzika machoni mwao kwa kuwa mikono ilikuwa juu imeshika kapu. Huko ndiko nilikomjua Mama Riziki. Wakati ule hakuwa mama wa mtu. Alikuwa msichana mwenye mifupa mikubwa na sauti inayofika ng'ambo. Ndiye aliyewafundisha wenzake kuimba kwa zamu, ili msimamizi asikie wimbo haukatiki asitambue kwamba nusu yao wamesimama wanapumua.

Kwenye kona, pale mfereji unapopinda kuelekea bondeni, ukingo uliporomoka ukawafunika watu wawili. Tulianza kuwafukua kwa mikono. Msimamizi akaja akatazama, akasema siku zimekwisha na mvua iko karibu, tupitishe mfereji kando kidogo. Tukaupitisha kando. Ndiyo sababu kona ile ina umbo la kupendeza hivyo. Hao wawili wako palepale mpaka leo, na maji yakaruhusiwa kupita.

Nyinyi mnapenda hadithi za kazi ngumu, basi chukueni moja. Mwaka uliofuata tuliitwa katika nyumba ya bwana harusi mmoja ambaye ukuta wa chumba chake ulikuwa ukilia. Tulipaka, ukalia. Tulikwangua, tukapaka tena, ukalia. Mwenye nyumba akaleta mganga, mganga akaona majini saba na akataka mbuzi. Fundi Shomari akanusa ukuta mara tatu. "Hili jini moja tu," akasema, "na linaitwa mfereji." Tukachimba nyuma ya nyumba, tukakuta maji yanapenya chini ya msingi. Tukaziba kwa udongo wa kichuguu, ukuta ukanyamaza. Mbuzi alikuwa ameshaliwa. Fundi Shomari alinifunza siku ile kwamba kabla ya kupaka kitu, uulize kwanza kuna nini nyuma yake. Sikujua kwamba somo hilo litaniuma baadaye.

Fundi Shomari alifariki kwa homa ya tumbo, akiwa ameshika mkono wangu na kuulalamikia ukuta wa chumba alichokuwa amelazwa. Halafu vikaja vita vya Wazungu na Waarabu. Mji uliungua. Kuta nilizozipaka miaka na miaka zilisimama bila paa, nyeupe juu na nyekundu chini, mvua ikizinyea. Matajiri walikimbia au walikufa. Sisi tuliokuwa watu wao tulibaki tukitazamana.

Wanawake hawakutazamana kwa muda mrefu. Mama Riziki, ambaye sasa alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, aliwakusanya wenzake kumi na wanane wasio na pa kwenda. Wakaingia mferejini wakafyeka magugu, wakatoa maiti za vita, wakaziba palipobomoka, wakafungulia maji. Wakapanda mpunga kingo zote mbili, wakajenga vibanda nyuma ya mashamba. Hakuna aliyewaamuru. Kila asubuhi walisafisha kona, panapoziba upesi, na kila mwezi walishuka mfereji wote kutoka mdomoni hadi bondeni, wakizoa tope, maana mfereji ukiachwa hujaa kama koo la mgonjwa. Mwaka wa njaa mji mzima ulikula mpunga wao. Mimi pia.

Kisha Wazungu wakajenga kituo, nami nikapata kazi ya kupaka majengo yao. Mkuu wa kituo tulimwita Bwana Upesi, kwa kuwa neno hilo ndilo alilolijua vizuri. Hakuwa na ubaya wa kipekee. Alikuwa na ubaya wa kawaida, wa mtu asiyeuliza. Chini yake alikuwepo mpimaji wa njia na ardhi, mwembamba, mwenye kikohozi, ambaye asubuhi kabla ya kazi alichora picha. Siku moja aliniona nikichanganya nyekundu yangu ya udongo, akasimama, akachovya kidole, akauliza inapatikana wapi. Tangu hapo akaniomba kwa Bwana Upesi niwe msaidizi wake. Watu walimwita Bwana Madoadoa, na sasa nitawaeleza kwa nini, maana hapa ndipo penye ufundi, na ufundi lazima usemwe kwa haki hata ukiwa na hasira.

Alibeba sanduku la vibomba laini vya bati, ndani yake rangi zilizosagwa kwa mafuta. Alikuwa na miguu mitatu ya mbao ya kusimamishia kitambaa kilichokazwa juu ya fremu, na brashi nyingi, nyingine pana, nyingine nyembamba. Alfajiri ile ya kwanza tulisimama kando ya mfereji, karibu na kona. Nilisubiri aichore mistari. Hakuchora mstari hata mmoja. Nilisubiri achanganye rangi ubaoni mpaka ilainike. Hakuchanganya. Alichota bluu akaigonga kitambaani, akachota njano akaigonga pembeni, kisha waridi, kisha kijani mbichi, doa juu ya doa, rangi ya chini ikiwa bado mbichi, hadi zikaanza kuingiliana kama watu sokoni. Nyeusi hakuwa nayo kabisa katika sanduku lake. Vivuli vya matete alivitia zambarau. Zambarau! Nilimwona mgonjwa. Fundi Shomari angemnyang'anya brashi akampa kapu.

Alifanya haraka, macho nusu yamefumbwa, huku akikohoa. Maji aliyapiga kwa viboko vya brashi vya kulala, matete kwa viboko vya kusimama. Jua lilipopanda juu ya miti akaacha ghafla, akafunga sanduku. Nikamwuliza kwa nini haimalizi.

"Mwanga iko nakwenda," akasema kwa Kiswahili chake. "Kesho, saa hii hii, tutarudi."

Nikaikaribia picha nikaona uchafu mtupu. Huenda uso wangu ulisema, kwa sababu alinishika bega. "Wewe iko karibu sana. Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma hatua kumi. Wallahi, maji yalitembea. Ukungu ulikuwa pale, ule unaokaa juu ya mfereji kabla ya jua, na chini yake maji yenye rangi ya mbingu iliyovunjika vipandevipande. Yale madoa yalikuwa yamekubaliana machoni mwangu bila kuniomba ruhusa. Nilihisi ubaridi wa asubuhi miguuni, na nilikuwa nimesimama kwenye jua. Miaka ishirini nilikuwa nimefundishwa kwamba rangi isivuke mpaka wake, na mtu huyu alikuwa amevunja mipaka yote na maji yakatoka. Nakiri mbele yenu kwamba sijapata kupenda kazi ya mtu mwingine namna ile. Ningekuwa mwongo nikificha.

Tulirudi asubuhi kumi na moja. Nilijifunza kukaza kitambaa, kusafisha brashi kwa mafuta, kujua kwamba kivuli hakina weusi, bali kina rangi ya kitu kilicho jirani yake. Nikajifunza kuweka doa na kuliacha. Hilo ndilo gumu kuliko yote kwa mtu wa chokaa, ambaye mkono wake unataka kulainisha.

Kuna jambo nililoliona siku ya pili, nikadhani litakuja siku ya tatu, kisha ya nne. Saa ile tuliyosimama pale haikuwa saa ya ukimya. Ndiyo saa ya kelele kuliko zote mferejini. Wanawake kumi na tisa walikuwa ndani ya maji mpaka magotini, mbele yetu, wakizoa tope kwa makapu, wakiitana, wakiimba, watoto wakilia kingoni. Bwana Madoadoa alipotaka kuangalia maji aliwapungia mkono wasogee. Wakasogea. Picha ilipokaribia kwisha ilikuwa na utulivu mkubwa, utulivu wa mahali ambapo hakuna mtu anayefanya kazi. Wala vibanda havikuwemo. Palipokuwa na vibanda aliweka ukungu.

Mama Riziki alikuja kuitazama, tope likimkauka miguuni.

"Muzuri," akasema. "Maji ndiyo haya haya. Na siye tuko wapi?"

Nikamfasiria. Bwana Madoadoa akatabasamu, akaonyesha mbingu kwa brashi. "Mimi iko napiga mwanga. Hapana watu."

"Mwanga unazoa tope?" akauliza Mama Riziki. Hakusubiri jibu. Akaingia majini.

Nilimwambia Bwana Madoadoa jioni ile aongeze watu, hata wachache. Hakukasirika, alinieleza kwa upole kwamba watu husumbua jicho, kwamba mtu akiwekwa pichani kila atazamaye humtazama yeye na kuyasahau maji. Alisema picha si orodha. Nikanyamaza, maana alikuwa mkubwa wangu na ufundi wake ulikuwa umeniteka. Kunyamaza kule ndiko kunaniudhi zaidi ninapokumbuka.

Baada ya siku chache nilikuwa juu ya ngazi napaka chumba kikubwa cha kituo, kwani mkubwa wa wakubwa alikuwa anakuja kutoka mbali kwa mto. Bwana Upesi na Bwana Madoadoa wakaingia na mkalimani wao, mtu wa mjini aitwaye Songoro. Walisema Kifaransa. Bwana Upesi aliishika picha mbele ya ukuta wangu mbichi, akaisogeza huku na huku, akicheka kwa furaha. Walipoondoka nilimwita Songoro nikamwuliza furaha ni ya nini.

Songoro akatazama mlangoni kwanza. "Sheria yao inasema ardhi isiyokuwa na watu iko ya serikali. Bwana Upesi anaomba yale mabonde, apande mpunga wa kituo. Atamwonyesha mukubwa ramani ya mupimaji na picha hii. Ataona kwa macho yake hakuna mutu."

"Na wale wanawake?"

"Wewe uliwaona kwenye picha?"

Nikashuka ngazi. Nilimkuta Bwana Madoadoa kitandani, homa imempanda, meno yanagongana. Nikamwambia niliyoyasikia. Alijua. Ramani ilikuwa yake, na ramani nayo haikuwa na vibanda. Alifumba macho akasema yeye hakuamua chochote, yeye alipima na kuchora, mengine ni kazi ya Bwana Upesi. Nilisimama pale nikakumbuka ukuta uliokuwa ukilia, na jinsi nilivyofundishwa kuuliza kuna nini nyuma ya kitu kabla ya kukipaka. Asubuhi kumi na moja nilikuwa nimemshikia mtu huyu sanduku. Nilikuwa nimemkazia kitambaa.

Mchana ule ule, jua likiwa utosini na kituo kizima kimelala, niliitoa picha nje uani. Mafuta yalikuwa bado laini. Nikafungua vibomba vyake.

Nilifanya kama alivyonifunza, sikulainisha kitu. Doa la kahawia, doa la bluu ya kaniki chini yake, mguso wa njano mahali jua linapogonga kapu: mwanamke. Kiboko kimoja cha kulala chini yake, rangi ile ile iliyovunjika: kivuli chake majini. Nilianza na Mama Riziki, karibu na kona, mgongo wima. Kisha Faida aliyechechemea, nikamweka bega moja chini. Kisha Mauwa na mtoto wake, doa juu ya doa. Mkono ulijua. Nilikuwa nikiwataja majina kwa sauti ili nisisahau hata mmoja, na walipotimia kumi na tisa nikaweka vibanda ndani ya ukungu, viboko vifupi vya rangi ya majani makavu. Nikarudi nyuma hatua kumi. Nusura niwasikie wakiimba.

Nilifikiri, na msinicheke, kwamba inatosha. Nilifikiri kwamba mtu akiona, ameona.

Mkubwa wa wakubwa alifika kesho yake, mnene, mchovu, mwenye ndevu zilizopangwa vizuri. Picha ilikuwa ukutani, nilikoitundika mwenyewe asubuhi ile kabla hawajaingia. Bwana Upesi alipoiona uso ulimbadilika, akamgeukia Bwana Madoadoa ambaye alikuwa amesimama kwa shida, ameegemea kiti. Bwana Madoadoa aliitazama picha, akanitazama mimi mlangoni. Alijua mkono ni wa nani. Lakini kabla mtu hajatamka neno, mkubwa alikuwa ameisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena, akaanza kusifu. Alionyesha wanawake wangu mmoja mmoja kwa kidole. Songoro alininong'oneza: anasema maji ni mazuri, ila watu hawa ndio roho ya picha, anasema hajaona uhai kama huu, anampongeza mupimaji.

Bwana Madoadoa akainamisha kichwa. Akaipokea pongezi.

Kisha mkubwa akaketi, akaletewa karatasi ya mabonde, akachovya kalamu.

Nilipiga hatua mbili ndani ya chumba. Nilikuwa na chokaa mpaka viwikoni. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, "Bwana mkubwa, watu hao uliowasifu wapo. Wako mferejini sasa hivi, dakika chache kwa miguu. Ardhi hiyo ni yao, wameifufua wenyewe. Njoo uwaone."

Mkubwa akainua macho, akamgeukia mkalimani. Songoro aliniangalia, akamwangalia Bwana Upesi. Akasema maneno machache. Neno moja nililijua, kwa kuwa tulifundishwa wote kulisema. *Merci*. Songoro alimwambia kwamba fundi anatoa shukrani kwa ziara yake. Mkubwa akanitikisia kichwa kwa wema mkubwa, akatia sahihi.

Fikirieni hilo, nyinyi mnaosema kijito. Mtu aliwaona, akawapenda, akasema ndio roho ya picha, na kwa mkono ule ule, wino ukiwa bado unang'aa, akasema hawapo. Miaka yote hii nimetafuta namna ya kumwelewa, nimeshindwa, na nimeacha kutafuta. Songoro nilimsamehe baada ya muda. Alikuwa na watoto, na alikuwa na mgongo unaojua kiboko. Wale wengine sikuwasamehe.

Wanawake walipewa siku tatu. Askari walikuja siku ya pili. Vibanda vilichomwa mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke, na Mama Riziki alitolewa majini akiwa na kapu lake. Nilisimama kingoni, nami sikufanya lolote ila kubeba mtoto wa Mauwa.

Kabla ya kuondoka Bwana Madoadoa aliniita. Alikuwa akirudi kwao kwa ajili ya kikohozi, na picha ilikuwa imeshafungwa kwenye sanduku. Chini, pembeni, alikuwa ameweka jina lake. Alinipa vibomba vilivyobaki, vingi vikiwa nusu. Hakusema samahani, alisema, "Wewe iko fundi kweli." Msidhani nilivitupa mtoni mbele yake kama watu wa hadithi. Nilivichukua. Bluu ile haipatikani huku. Nilimwambia tu, "Bwana, jina lako halikutosha pale chini. Tulikuwa wengi." Sijui kama alielewa.

Wanawake walitembea mpaka hapa Kabambare, siku saba, na watoto. Faida hakufika. Mkuu wa kituo cha hapa wakati ule alikuwa mlafi aliyechoshwa na muhogo, akawaonyesha bonde chini ya kilima na kusema wajaribu. Wakachimba mfereji mwingine, mfupi, miezi minne, safari hii bila msimamizi. Kule Kasongo, Bwana Upesi alipata mabonde yake. Aliweka watu wa kulima, hakuweka mtu wa kuzoa tope, kwa maana kwenye picha na ramani maji yalijipitia yenyewe. Msimu wa kwanza magugu. Msimu wa pili maji yalisimama kwenye kona, yakaoza. Akaandika barua akitaka wanawake warudishwe wakisindikizwa na askari. Mkuu wa hapa akajibu kwamba hawatambui wanawake anaowataja, kwa sababu kwa karatasi ya Kasongo yenyewe pale hapakuwa na watu. Hakufanya hivyo kwa huruma. Alifanya kwa tumbo. Lakini ndiyo mara pekee niliyoona karatasi ile ikimnufaisha mtu.

Nami nikahamia huku, nikapaka nyumba zenu, nikawafundisha baadhi yenu kamba na ukingo. Kazi yangu ya mwisho, kabla jicho la kushoto halijafunga, ilikuwa ghala la mpunga la wanawake wale. Walitaka ukuta wa mbele uwe na picha. Nikapaka chokaa, nikaiacha ikauke, nikatoa vile vibomba; vilikuwa vimekuwa vigumu, ikabidi nivipasue kwa kisu na kulainisha rangi kwa mafuta ya mawese. Nikapiga mfereji, matete kwa viboko vya kusimama, maji kwa viboko vya kulala, na ndani yake wote kumi na tisa, pamoja na Faida na wengine ambao hatunao tena. Ilinichukua siku tisa.

Mama Riziki alikuja wa kwanza. Sasa ni mzee, anatembea kwa mkongojo, ila mifupa ni ile ile. Alifika mpaka uso wake ukakaribia kugusa ukuta.

"Huyu ndiye mie?"

"Ndiye wewe, Mama."

"Pua yangu iko wapi?"

Nikamwambia ukuta huu hautazamwi kwa karibu, arudi nyuma hatua kumi, ataiona. Hakusogea.

"Fundi Mabruki," akasema, "mie wamenirudisha nyuma ya kutosha. Chora pua."

Nikachora pua.